Matt Talbot: Kibarua wa Dublin aliyeacha pombe kwa msaada wa sala

Jumapili ya tarehe 7 Juni 1925, mzee wa miaka 69 alianguka na kufa katika kichochoro kiitwacho Granby Lane, mjini Dublin, nchini Ireland. Alikuwa njiani kwenda kanisani. Mwili wake ulipelekwa katika hospitali ya Jervis Street, na waliomvua nguo ili kumwandaa walishangaa kukuta amejifunga minyororo kiunoni, mkononi na mguuni.

Mzee huyo aliitwa Matt Talbot. Hakuwa padri wala kiongozi, na hakuwa na mali. Alikuwa kibarua katika yadi ya mbao. Hata hivyo, miaka michache baada ya kufa kwake jina lake lilijulikana nchi nyingi. Watu walivutiwa na jambo moja kubwa: mtu aliyeanza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12, na akawa mlevi kwa miaka 16, aliacha pombe siku moja ya mwaka 1884 na hakuigusa tena hadi anakufa, miaka 41 baadaye.

Ndugu msikilizaji, katika makala hii tunaeleza maisha yake, namna imani ilivyomsaidia, na mambo ambayo imani peke yake haiwezi kufanya kwa mtu anayetaka kuacha pombe au dawa za kulevya.

Mtoto wa familia maskini

Matt Talbot alizaliwa tarehe 2 Mei 1856 katika mtaa wa North Strand, Dublin. Wakati huo Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na ilikuwa imetoka tu katika njaa kubwa iliyoua watu wapatao milioni moja. Baba yake, Charles, alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Mama yake, Elizabeth, alizaa watoto 12, na Matt alikuwa wa pili.

Dublin ya wakati huo ilikuwa na umaskini mkubwa. Nyumba za zamani za matajiri zilikuwa zimegawanywa vyumba, na kila chumba kilipangishwa kwa familia nzima. Hata mwanzoni mwa karne ya 20, familia zipatazo 20,000 mjini humo zilikuwa bado zinaishi katika chumba kimoja kimoja. Pale nyumbani hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa na kupumzika, kwa hiyo wanaume wengi walimaliza jioni zao kwenye baa. Huko kulikuwa na joto, mwanga na wenzao.

Nyumbani kwa Talbot hali ilikuwa hiyo hiyo. Baba alikuwa mnywaji, na karibu watoto wote wa kiume walifuata njia yake. Mzigo wa nyumba ulibaki kwa mama.

Kazi ya kwanza na glasi ya kwanza

Matt alisoma shule kwa muda mfupi tu, na alikuwa mtoro. Akiwa na miaka 12 aliacha masomo na kuajiriwa kwa wafanyabiashara wa mvinyo waliokuwa wakijaza bia kwenye chupa. Watoto waliofanya kazi humo walikuwa wakionja mabaki yaliyobaki kwenye chupa. Haikuchukua muda, Matt akaanza kurudi nyumbani akiwa amelewa.

Baba yake alimchapa, kisha akamwondoa pale na kumtafutia kazi bandarini alikofanya yeye mwenyewe, ili awe chini ya macho yake. Lakini kule bandarini kulikuwa na maghala ya wiski, na kijana akahama kutoka bia hadi pombe kali. Hapo tunaona jambo ambalo wazazi wengi wanalijua: kumhamisha mtoto bila kuangalia anahamia wapi ni sawa na kumtoa motoni na kumweka kwenye makaa.

Baadaye alipata kazi kwa wajenzi, akawa saidia fundi. Kazi yake ilikuwa kubeba matofali na chokaa begani na kupanda navyo ngazi hadi kwa fundi mwashi. Alikuwa na nguvu na alifanya kazi kwa bidii kuliko wenzake. Hili ni muhimu kulielewa, kwa sababu watu wengi hudhani mlevi ni mvivu. Matt Talbot hakukosa bidii. Alichokosa ni uwezo wa kufika nyumbani na mshahara wake.

Kila alichopata kiliishia baa. Pesa zikiisha, alikopa. Mkopo ukishindikana, aliweka vitu rehani, hata viatu vyake, na kurudi nyumbani bila viatu. Rafiki akiwa na pesa, alimnunulia Matt. Matt akiwa na pesa, aliwanunulia wote. Ndiyo ilikuwa sheria ya genge lao.

Tendo lililomuumiza zaidi maishani lilitokea katika miaka hiyo. Yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla maskini wa barabarani chombo chake, wakakiuza ili wapate pesa ya kunywa. Fidla ile ndiyo iliyokuwa ikimpa yule mtu mkate wake wa kila siku.

Jumamosi ya mwaka 1884

Mwaka 1884 Matt alikuwa na miaka 28. Kulikuwa na wiki moja ambayo hakufanya kazi, kwa hiyo Jumamosi, siku ya mshahara, hakuwa na kitu mfukoni. Alisimama pamoja na ndugu zake karibu na baa waliyoizoea, akingojea wenzake watoke kazini. Alikuwa na uhakika kwamba wangemwita ndani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amewanunulia mara nyingi.

Wenzake walifika. Walimsalimia, wakapita, wakaingia ndani. Hakuna aliyemkaribisha.

Jambo hilo lilimchoma. Aliondoka, akaenda moja kwa moja nyumbani. Mama yake alishangaa kumwona amerudi mapema, tena akiwa hajalewa. Baada ya chakula Matt alimwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, ambaye alikuwa amesikia ahadi nyingi katika nyumba ile, alimwonya asiende kama hana nia ya kuitimiza. Lakini alipoona anaondoka kweli, alimwombea Mungu ampe nguvu.

Ahadi ya kuacha pombe ilikuwa jambo linalojulikana sana Ireland. Kuanzia mwaka 1838 padri Theobald Mathew alikuwa ameendesha kampeni kubwa ambamo mamilioni ya watu waliahidi mbele ya Mungu kutokunywa. Wengi walitimiza, na wengi walirudi nyuma.

Matt alikwenda chuo cha mapadri cha Clonliffe. Aliungama dhambi zake kwa padri na kuweka ahadi ya miezi mitatu. Hakuahidi maisha yote, kwa sababu hakuwa na uhakika kama angefika hata hiyo miezi mitatu. Kesho yake alfajiri alikwenda kwenye Misa ya saa kumi na moja katika kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mtaa wa Gardiner, akapokea Komunyo.

Miezi mitatu migumu

Kuahidi kulichukua dakika chache. Kazi ilikuwa katika jioni zilizofuata. Mwili uliozoea pombe kwa miaka 16 unaidai, na akili nayo inaidai. Matt alikuwa akimwambia mama yake kwamba miezi mitatu ikiisha atarudi kunywa.

Tatizo lake kubwa lilikuwa saa za jioni baada ya kazi. Zamani saa hizo zilikuwa za baa. Sasa alihitaji mahali pengine pa kwenda, na mahali hapo palikuwa kanisani. Alitembea mitaa ya mbali ili asikutane na genge lake, akaingia kanisa moja baada ya jingine, akapiga magoti na kuomba apewe nguvu ya kuvuka usiku ule mmoja.

Siku moja alishindwa na hamu, akaingia baa. Kwa bahati, mhudumu alikuwa anahudumia wateja wengine na hakumtazama. Matt alisubiri kidogo, akatoka, akakimbilia kanisani na kukaa humo hadi milango ilipofungwa. Tangu hapo alijiwekea kanuni: kutotembea na pesa mfukoni. Alijua kwamba sala bila tahadhari ingemwacha njiani.

Miezi mitatu ilipotimia, alikuwa hajanywa. Aliongeza ahadi kwa muda mrefu zaidi, na hatimaye akaahidi kwa maisha yake yote.

Kulipa madeni

Baada ya hapo Matt alianza kurekebisha alichoharibu. Alikwenda kwenye kila baa aliyokuwa akidaiwa na kulipa, kidogo kidogo, kutoka kwenye mshahara wa kibarua. Watu aliowakopa aliwarudishia.

Deni la fidla halikuwa rahisi. Alimtafuta yule mwanamuziki Dublin nzima, katika mitaa na katika nyumba za kuhifadhi maskini, kwa miaka. Hakumpata. Mwishowe alichukua pesa ambazo angemlipa, akazitoa kanisani ili Misa zisomwe kwa ajili ya mtu yule.

Walimu wa dini, wakiwa Wakristo au Waislamu, husisitiza jambo hili: toba inakamilika pale haki ya mtu inaporudishwa kwake. Wataalamu wa uraibu nao wanaliona kwa jicho jingine. Mtu anayedaiwa kila kona huona aibu kukutana na watu, na aibu ni moja ya vitu vinavyomrudisha kwenye chupa. Akilipa, anaweza kupita barabarani mchana bila kujificha.

Maisha mapya ya mtu wa kawaida

Matt aliendelea kuwa kibarua. Katika miaka ya 1890 alianza kazi kwenye yadi ya mbao ya T. & C. Martin, karibu na bandari, na alifanya kazi huko kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Wenzake walimjua kama mtu mcheshi kiasi, asiyewahubiria watu, lakini asiyependa kusikia matusi au jina la Mungu likitajwa ovyo.

Ratiba yake ilikuwa kali. Alilala kwenye ubao, kichwa kikiwa juu ya gogo. Aliamka saa nane usiku kusali, kisha akaenda Misa ya alfajiri kabla ya kazi. Jioni alirudi tena kanisani. Alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ambao ni umoja wa waumini wa kawaida wanaofuata maisha ya kiasi.

Kwa kuwa alikuwa hajui kusoma vizuri, alijifunza akiwa mtu mzima. Alisoma Biblia na maisha ya watakatifu, na alipokwama kwenye maneno magumu aliwauliza mapadri na marafiki waliosoma. Alimpenda Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa nchi ambayo leo ni Algeria, ambaye naye alihangaika miaka mingi kabla ya kubadili maisha yake.

Aliacha pia tumbaku, ambayo ilimpa taabu kuliko pombe. Hakuoa. Baba yake alikufa mwaka 1899, na Matt aliishi na mama yake na kumtunza hadi alipofariki mwaka 1915. Yule mama aliyepewa ahadi kila mara na walevi wa nyumba yake, alimaliza uzee wake karibu na mwana aliyetimiza ya kwake.

Mwaka 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia kazi maelfu ya wafanyakazi kwa sababu ya kujiunga na chama kilichoongozwa na James Larkin. Matt alikuwa miongoni mwa waliokaa bila kazi. Mwanzoni alikataa posho ya chama kwa kuwa aliona hajaifanyia kazi. Alipoipokea, aliwagawia wenzake waliokuwa na watoto. Sehemu kubwa ya mshahara wake wa kawaida pia ilikwenda kwa majirani wenye shida na kwa wamisionari.

Kuanzia mwaka 1923 moyo wake ulidhoofika, akalazwa hospitalini na kukaa muda mrefu bila kazi. Hata katika hali hiyo, alituma pauni moja kwa wamisionari waliokuwa wakienda China.

Vipi kuhusu minyororo?

Minyororo iliyokutwa mwilini mwake iliwashangaza watu, na hadi leo wengine inawatisha. Chanzo chake ni maandishi ya padri Mfaransa, Louis-Marie de Montfort, ambaye alifundisha kwamba Mkristo anaweza kuvaa mnyororo mdogo kama alama ya kujitoa kuwa mtumwa wa Mungu kupitia kwa Bikira Maria. Matt alikuwa na padri aliyemwongoza kiroho, na mazoezi hayo aliyafanya kwa siri. Hata wenzake wa kazini hawakujua.

Kanisa halimtaki kila mtu afanye hivyo, na hakuna anayeacha pombe kwa kujitesa. Mtu mwenye uraibu tayari ana maumivu ya kutosha. Kwa Matt, mnyororo ulikuwa ukumbusho wa mtu anayemtumikia, baada ya kuitumikia pombe kwa miaka mingi.

Imani inamsaidiaje mraibu?

Mtu akiyaangalia maisha ya Matt Talbot kwa makini, ataona mambo kadhaa ambayo imani ilimpa, na ambayo yanaeleweka hata kwa mtu wa dini nyingine.

Kwanza, ilimpa mahali pa kwenda. Mlevi akiacha pombe anabaki na saa nyingi tupu. Kanisa, msikiti, kwaya au darasa la dini vinajaza saa hizo. Muislamu anayeshika swala tano ana ratiba inayomkusanya na watu wasio walevi kutwa nzima.

Pili, ilimpa mtu wa kumweleza ukweli. Alimweleza padri alichofanya, bila kuficha. Siri ikitoka, mzigo unapungua.

Tatu, ilimpa ahadi yenye muda mfupi. Miezi mitatu inaonekana mwisho wake. Siku moja inaonekana zaidi.

Nne, ilimwondolea wazo kwamba lazima ashinde kwa nguvu zake mwenyewe. Alikubali kwamba ni dhaifu mbele ya pombe, akaomba msaada. Miaka 10 baada ya kifo chake, mwaka 1935, wanaume wawili Wamarekani waliokuwa walevi, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianzisha kundi la Alcoholics Anonymous katika mji wa Akron. Hatua zao 12 zinaanza na jambo hilo hilo: kukiri kushindwa, kisha kutegemea nguvu iliyo juu ya mtu, kila mmoja kwa namna anavyomwelewa Mungu. Nyumba nyingi za kupata nafuu, zile tunazoziita soba hausi, ikiwemo Zanzibar, zinatumia hatua hizo kwa watu wa dini tofauti.

Tahadhari muhimu kwa familia

Historia ya Matt Talbot isichukuliwe kuwa maana yake mgonjwa afungiwe ndani aombewe tu. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kupata hatari. Saa chache tu baadaye anaweza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili au tatu za kwanza wengine hupata degedege, huona au kusikia vitu visivyokuwepo, na huchanganyikiwa. Hali hiyo inaweza kuua.

Kwa hiyo, kama mzee, kaka au binti yenu anakunywa kila siku na anataka kuacha, mpelekeni kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya, mweleze ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Zipo dawa za kumvusha siku hizo. Akianza degedege au kuchanganyikiwa, mkimbizeni hospitalini mara moja. Kwa wanaotumia heroini, arosto hutulizwa kwa dawa ya methadoni, ambayo Tanzania ilianza kuitoa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Sala na dawa havigombani. Padri, mchungaji au sheikh mzuri atamwambia mgonjwa asiache dawa zake.

Jambo jingine: kurudia kunywa hakuonyeshi kwamba mtu hana imani. Ndugu za Matt walilelewa na mama yule yule na katika kanisa lile lile, na wengi wao waliendelea na pombe. Uraibu ni ugonjwa. Anayeanguka ahitaji kusimangwa mbele ya waumini, anahitaji mtu wa kumwinua aanze tena.

Alichoacha nyuma

Matt Talbot alizikwa katika makaburi ya Glasnevin. Kitabu kidogo kuhusu maisha yake kilitoka mwaka 1926 na kusomwa na watu wengi, na mwaka 1931 Kanisa lilianza kuchunguza maisha yake. Mwaka 1972 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, katika mitaa ile ile aliyoishi. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa. Bado hajatangazwa kuwa Mwenye Heri wala Mtakatifu, lakini nyumba za kusaidia walevi na wasio na makazi zimepewa jina lake, ikiwemo moja maarufu huko Sydney, Australia. Dublin kuna daraja lenye jina la Talbot, lililofunguliwa mwaka 1978.

Katika kanisa lile la mtaa wa Gardiner, ambako Matt alikwenda alfajiri baada ya kuweka ahadi yake, padri James Cullen alianzisha mwaka 1898 chama cha Pioneer, cha waumini wanaojinyima pombe kwa ajili ya kuwaombea walevi. Chama hicho kimefika hadi Afrika, ikiwemo Kenya. Wanachama huvaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu kifuani. Ukimwona mtu ameivaa parokiani kwenu, unaweza kumuuliza wanakutana lini.